Nilimwambia Jinzi ya Kweli Ndiyo ya Kuiga

Tarehe tisa Machi. Huu ni mwaka wa thelathini na nne tangu niondoke kwetu.

Mshauri wetu, salamu. Nausoma ukurasa wako tangu gazeti hili lilipokuwa na kurasa nne, na sikuwahi kudhani nitakuandikia, maana mtu wa miaka sabini na mmoja hutarajiwa kuombwa ushauri, si kuuomba, lakini nimefanya jambo la aibu, limenichosha, na sina pa kulitua isipokuwa kwako.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina chumba kimoja mtaa wa nyuma ya kituo cha treni, kazi yangu kubwa ni kufupisha suruali za jinzi na kuzitia viraka, na kwa kuwa ujanani nilikuwa mkataji kwenye kiwanda cha jinzi cha mji wetu, kiwanda kilichofungwa zamani na ambacho suruali zake sasa zinatafutwa na watu ambao hawakuwa hata wamezaliwa, huniletea zao niwaambie ipi ilitoka kwetu na ipi ni ya kuiga, maana siku hizi ziko karakana zinazoiga kwa ustadi wa kutisha, pindo, uzi, shaba za kwenye pembe za mifuko, hata ule mstari mwekundu wa ukingo wa kitambaa. Nikisema ya kweli, basi ni ya kweli. Hakuna anayenibishia.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa makamo, mtu wa kwetu, anayetaka kuanzisha tena ushonaji wa jinzi kwenye majengo yale yale ya zamani. Alikuwa na suruali mbili kwenye mfuko.

"Mzee wangu," akasema, "moja nimeipata kwa makanika mstaafu, nyingine kwa muuzaji wa mtandaoni, na wote wawili wanaapa. Mmoja wao ananidanganya."

"Pengine wote wawili," nikamwambia. Akacheka, akazitandika mezani.

Ya makanika niliijua kabla sijavaa miwani. Mfuko wake wa nyuma wa kulia umekwenda upande. Iko miezi michache ambayo mifuko ya kulia ya kiwanda chetu ilikwenda upande, kwa sababu aliyeishona alikuwa na mimba ya miezi saba, tumbo halimruhusu kuielekea cherehani, akawa anakaa ubavu, na mguu ukiteleza kwenye kanyagio anasimama, anarudisha mishono mitatu juu ya mishono, kisha anaendelea. Msimamizi alikuwa akimtania, "Mama, mifuko yako imelewa," naye humjibu bila kuinua kichwa, "Mwambie aliyeko ndani asogee." Huyo alikuwa mke wangu. Wanaoiga wameupima ule upande wakaurudia kwenye kila suruali, umenyooka kama umepigwa rula, wakidhani ndiyo alama ya kiwanda. Lakini ile mishono mitatu ya mguu kuteleza hawakuitia maanani. Nikapapasa kwa kidole. Ilikuwepo.

Mke wangu alifariki mtoto wetu akiwa na miezi kumi, halafu vurugu zikaja, nikatoka na mtoto mgongoni na begi moja. Sina picha yake. Sina hata kitambaa chake cha kichwa.

Ningesema ukweli, mshauri, nakuapia, lakini yule mama akaniwahi: "Nionyeshe tu ya kweli ni ipi, leo leo naifumua yote, kipande kwa kipande, nitoe karatasi za kukatia nguo mpya." Kidole changu kikaenda kwenye ile nyingine. "Hii ndiyo," nikasema. Akauliza, "Na hii?" Nikamjibu, "Ya kuiga. Iache hapa, nitaikata viraka." Akaiacha, akanishukuru kwa mikono miwili, akaniomba nirudi naye kwetu nikawafundishe wakataji wake, nami nikasingizia magoti.

Sasa suruali inaning'inia nyuma ya mlango wangu, na yule mama anasafiri mwisho wa mwezi na karatasi alizozitoa kwenye suruali ya uongo, atakayoiga akiamini anaiga ya kweli, kwa neno langu. Binti yangu, ambaye ndiye yule aliyeambiwa asogee, huja kila Jumapili kunisafishia chumba, huupisha ufagio chini ya suruali ile, na sijamwambia kitu. Najiambia kwamba ya kuiga imeshonwa vizuri zaidi, na si uongo: zetu zilichuja rangi mapajani na zikifuliwa zilirudi zikawa fupi. Je, ninyamaze mpaka aondoke? Au niseme, niipoteze?

Mkataji


JIBU

Shikamoo, mzee wangu. Ukishaitikia, kaa vizuri, maana nitakugombeza.

Pole kwanza. Kukutana na kazi ya mikono ya mkeo, kwenye meza yako mwenyewe, baada ya miaka yote hiyo, si jambo dogo, na anayejidhania angelistahimili vizuri kuliko wewe hajafiwa. Kwa dakika ile moja sikulaumu. Nakulaumu kwa wiki zilizofuata.

Hukuulizwa ipi imeshonwa vizuri zaidi. Uliulizwa ipi ni ya kweli, na wewe peke yako ndiye uliyeweza kujibu. Ukaulizwa kuhusu kazi ya mkeo, ukasema ni ya kuiga. Nadhani hilo ndilo linalokuchosha, zaidi hata ya yule mama uliyemdanganya. Umetaka kumhifadhi mkeo kwa kumkana.

Na binti yako je? Mtu wa miaka thelathini na tano, asiye na hata picha ya mama yake, anafagia chini ya suruali ambayo mama yake aliishona akiwa amembeba yeye, na wewe umekaa hapo unakunywa chai! Hiyo suruali ni yako peke yako? Mzee, hapo umeniudhi kweli.

Sasa nieleze jambo moja, maana mimi si fundi. Tangu lini mkataji wa kiwandani akahitaji kufumua suruali ndipo atoe karatasi za kukatia? Shangazi yangu alikuwa akishona nyumbani, wala hakupata kuingia kiwandani, lakini alikuwa akiitandika nguo mezani, anaibana kwa pini, anatoboa karatasi kwa kufuata mishono, na nguo inarudi kwa mwenyewe ikiwa nzima. Wewe ulizikata suruali hizi kwa mamia. Mama yule alipotaja kufumua, ulitakiwa useme, "Acha wembe, nitakutolea mimi." Ulishikwa na hofu, ukasahau ufundi wako. Ukumbuke.

Basi fanya hivi. Jumapili hii, kabla binti yako hajashika ufagio, mketishe, umweleze, umpe suruali mkononi. Jumatatu asubuhi mpigie simu yule mama umwambie ukweli wote, bila kuanza na historia ya maisha yako, maana ukianza na msiba utamfunga mdomo, na ana haki ya kukasirika. Akimaliza kukukasirikia, jitolee kumtolea karatasi upya kutoka kwenye suruali ya kweli bila kuigusa kwa wembe. Na usimwombe suruali. Ni mali yake. Akikupa, shukuru, akiondoka nayo, mfungulie mlango. Suala la kurudi hukuniuliza, nami siliingilii.


Tarehe ishirini na nane Machi.

Mshauri, marahaba. Nimefanya ulivyosema, nakuandikia matokeo.

Binti yangu alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba, miaka yote unaniambia hakuna kilichobaki."

"Hakikuwepo."

"Kiko mlangoni wiki tano!"

Nikaiteremsha, nikampa. Akaingiza mkono kwenye ule mfuko wa kulia, akauacha humo muda mrefu, kama mtu anayetafuta funguo na hataki kukubali kwamba hazimo.

Yule mama naye alikuja badala ya kumaliza mazungumzo kwa simu. "Karatasi zangu zote nimezitoa kwenye suruali ya uongo, mzee wangu?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulinitazama machoni ukaniambia ndiyo yenyewe?"

"Nilitazama meza."

Alicheka bila kutaka, kisha akakasirika upya kwa sababu amecheka. Lakini kesho yake alirudi na bunda la karatasi za kaki. Tulifanya kazi siku tatu, yeye anashika, mimi natoboa na kuchora, macho yangu yakichoka binti yangu ananisomea vipimo. Tulipofika kwenye mfuko wa nyuma wa kulia, mama akauliza, "Huu niuchore upande kama ulivyo?" Nikamwambia aunyooshe. Kiwanda kilikata mifuko yote sawa. Ule upande haukuwa wa kiwanda. Akachukua rula, akanyoosha.

Suruali nilidhani ataniachia. Hakuniachia. Aliikunja, akaiweka juu ya karatasi, akasema itatundikwa ukutani kwenye chumba cha wakataji, chini yake paandikwe jina la aliyeshona mifuko, nami nimwandikie jina hilo kwa herufi kubwa asikosee. Nikaandika. "Hasira zangu hazijaisha, mzee," akasema mlangoni, "ila kazi yako sijaona mfano wake. Wakataji wangu nani atawafundisha? Na suruali hii, siku ukitaka kuiona utafanyaje?"

Binti yangu akajibu kabla yangu kwamba yeye atakwenda. Ameshaomba likizo ya mwezi Agosti, na jioni hujifunza kwangu kukata, ana mkono mzito lakini hachoki kuuliza. Mama akanigeukia mimi, akasubiri. Nikamwambia nitajibu kila barua ya wakataji wake, wanitumie vipande walivyoharibu nami nitawaonyesha walipokosea. Kwetu mimi sitarudi.