Mtu wa Msasa

Jumatatu, 3 Machi

Bila mimi nusu ya Kigali ingelala sakafuni. Sijisifu, nasema tu. Vitanda vinavyotoka Agakiriro ka Gisozi, kwenye karakana za maseremala, karibu vyote vimepita mikononi mwangu. Mawaziri wamelala juu ya kazi yangu. Balozi mmoja alilala vizuri mpaka akaachwa na ndege.

Leo vitanda vinne kabla ya chakula cha mchana. Vumbi mpaka kwenye meno. Mvua.

Nyumbani dada yangu Donatha kauliza tena kitanda cha binti yake. Keza ana miaka mitano na bado analala na mama yake. Nilimwahidi tangu Krismasi. Nimejibu mbao hazijakauka. Na ni kweli, mvua ikinyesha mbao hazikauki. Mtu yeyote anajua.

Jumanne, 4 Machi

Mpangaji mpya kaingia chumba cha uani. Anaitwa Solange. Hana mume, hana redio, ana penseli nyingi kuliko shule niliyosoma. Kule Ngara, Tanzania, darasa la nne, tulikuwa na penseli moja kwa watu watatu. Ndiyo maana niliacha. Walimu walilia.

Huyu Solange kakaa kwenye ngazi akimwangalia Keza anavyocheza na boksi la friji alilopewa na jirani. Saa nzima. Mtu mzima haangalii mtoto akicheza saa nzima bure. Tena anaandika.

Sijampenda.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepita nyuma yake polepole, kana kwamba nakwenda bombani. Kafunika daftari. Lakini nimeona. Kachora kitanda! Miguu imepinda, kichwani maua ya kuchonga. Mtindo wetu kabisa.

Sasa naelewa. Katumwa na duka fulani kubwa la fanicha.

Nimemwambia Faustin wa kazini. Kacheka, kaendelea kukata mbao. Faustin hajui ujanja wa watu. Mimi niliwahi kumkamata jasusi kwa harufu ya viatu tu.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimesimama nyuma ya kamba ya nguo, shuka la Donatha limenifunika. Nimesikia yote kwa masikio yangu.

"Tonto wako anafanya kazi gani?" Solange kamuuliza Keza.

Tonto ndiye mimi, mjomba.

"Anatengeneza kitanda changu."

"Kiko wapi?"

"Si hiki hapa!" Kapiga boksi kofi. "Kina ngazi. Hapa dirisha. Huku chini analala ng'ombe."

"Na tonto anakitengenezaje?"

Mtoto kamvuta sikio, kanong'ona. Kanong'ona sana. Yule mwanamke kacheka mpaka kashika mdomo. Halafu kaandika.

Nini? Keza kafika kazini kwetu mara moja tu, mwezi wa kwanza. Mama yake alibaki barabarani kununua parachichi. Mtoto akaingia peke yake, akakaa juu ya rundo la maranda, akanitazama. Sikumbuki nilikuwa nafanya nini.

Nakumbuka. Siandiki.

Jumatatu, 10 Machi

Naogopa. Basi, nimeandika.

Donatha huwaambia wenzake wa kwaya kwamba kaka yake ni fundi aliyelaza mawaziri. Kwa jina hilo nimekaa nyumba hii miaka sita, hakuna aliyeniuliza nitaondoka lini. Jina likianguka, na chumba kinaanguka.

Nimemnunulia Keza pipi nikamuuliza alinong'ona nini. Pipi kachukua. Kasema ni siri ya kitabu. Kitabu gani? Kaingia kwenye boksi kafunga mlango. Boksi halina mlango. Nikabisha hata hivyo.

"Tonto, mimi niko Kampala. Rudi kesho."

Jumatano, 12 Machi

Mvua imelowesha boksi. Nikajua yameisha. Narudi jioni, nawakuta Solange na Keza wanaliziba kwa karatasi na gundi. Gundi yangu ya mbao! Wakanitazama wote wawili, wakaficha mikono nyuma. Wasio na hatia hawafichi mikono.

Nimemwambia Donatha mpangaji huyu aondoke. Anahoji mtoto, anaiba mitindo. Donatha kaniangalia kama mgonjwa.

"Kaka, Solange anatunga vitabu vya picha vya watoto. Anachora wanavyocheza. Aliniomba ruhusa siku ile ile aliyohamia."

Kitabu kizima, mtoto anacheza tu! Nani atanunua? Watoto wanacheza bure, fungua dirisha uone.

"Na wewe umo," kasema. "Jumapili ataleta."

Nimo. Basi nimekwisha.

Jumapili, 16 Machi

Nilitaka kukimbilia Gatsata kwa rafiki. Donatha kanishika shati mlangoni.

Tukakaa. Solange kaleta karatasi zilizoshonwa kwa uzi, hazijaenda kwa mchapaji bado. Ukurasa wa kwanza, mtoto ndani ya boksi. Wa pili, boksi limeota miguu na maua. Wa tatu, mtu mrefu, mweupe kwa vumbi kuanzia kichwani hadi viatuni. Hata tumbo langu lipo. Hana nyundo. Hana msumeno. Mkononi ana kipande cha msasa.

Mtoto aliona. Miezi miwili yote, kimya.

Nikatazama mlango. Donatha akafunua ukurasa. Yule mtu anapiga msasa kilima cha Gisozi, kinalainika mpaka ng'ombe wanateleza wakicheka. Anapiga msasa mgongo wa mamba. Anapiga msasa mwezi, vumbi lake linadondoka juu ya Kigali, watu wanafungua miamvuli. Mwisho analainisha boksi, taratibu, mtoto asije akachomwa na kibanzi. Mtoto kalala.

Nimepiga hadithi miaka thelathini. Mwezini sijawahi kufika.

Keza kaniuliza mwezi ulikuwa mgumu? Nikasema kidogo, upande wa nyuma.

Donatha hakucheka. Bora angecheka. Kasema tu, "Kumbe msasa." Nikajibu kwamba mvua imezidi mwaka huu. Nikatoka.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwendea Faustin. Nimeongea naye dakika kumi bila kumtaja waziri hata mmoja. Kaniuliza kama naumwa.

Atakata na kuunga kitanda cha Keza. Mimi nitampigia msasa kazi zake zote za wiki mbili.

Jumatano, 19 Machi

Donatha hajasema kitu. Kila akifungua mdomo nawaza ataniambia niondoke. Kafungua, kauliza chumvi iko wapi.

Jumamosi, 29 Machi

Asubuhi umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, mtaa mzima tumezibua mtaro. Halafu tumepandisha kitanda hadi nyumbani, Faustin mbele, mimi nyuma. Majirani wana majembe bado mkononi, wanauliza, fundi nani? Mdomo ulianza kufunguka wenyewe. Nikaufunga. Nikasema Faustin.

Keza kapitisha kiganja ubavuni mwa kitanda, kwenda na kurudi, anatafuta kibanzi. Hakupata. Kisha kaburuta boksi lake, kaliweka juu ya kitanda, kaingia.

Solange kachora. Sikupita nyuma yake.

Donatha kanipakulia isombe, yaani kisamvu, kama siku zote, na nyama juu. Hakuuliza nitaondoka lini. Kaniambia ninawe vumbi kwanza.

Sasa wamelala, mvua imekatika kidogo. Naandika mara moja tu, halafu nafunga daftari. Sijawahi kutengeneza kitanda hata kimoja. Msumari wenyewe hunipinda. Mimi ni mtu wa msasa.