Neno la Kumtoa Casimir Kiwandani

Jumatatu, 6 Juni 1994
Baridi. Casimir amekwenda tena kiwandani. Mshahara hakuna tangu Noeli, mitambo imezimwa, lakini mume wangu anakwenda! Yeye na wenzake wanaota jua, wanacheza dama. Miye niko peke yangu na samaki wa ziwa Tshangalele — kununua, kubeba, kuuza. Nusu ya gunia imeoza tena. Nimechoka.

Jumanne, 7 Juni
Nimempigia hesabu. Akikaa yeye ziwani, akikausha kule kule, hatupotezi tena nusu ya gunia. Hesabu safi! Akajibu: "Nikikosa siku moja, mama, batatoa jina yangu ku liste ya kazi." Nikamwambia jina ku liste halipikwi. Kosa langu. Amelala bila kula.

Alhamisi, 9 Juni
Somo la Kiingereza kwa mwalimu Evariste. Naye halipwi na shule, tunamlipa samaki. Nakitaka cha kuuzia Zambia, basi. Leo neno: coax. Ni kumvuta mtu akubali, lakini si kwa hoja wala amri. Kwa upole, kidogo kidogo, mpaka asogee mwenyewe. Una-coax mtoto ale. Una-coax hata moto wa kuni mbichi.
"Na bwana?" nikauliza. Darasa zima likacheka!
"Bwana pia, mama Blandine. Lakini ukipuliza kwa nguvu, unazima."
Je, si kudanganya? nikauliza. Apana, akasema, unayemdanganya hajui anakopelekwa.
Kumbe ni kubembeleza. Miye nani alinibembeleza? Nilianza na beseni moja la mkopo.

Ijumaa, 10 Juni
Nimejaribu. Nimesonga bukari, ugali wa moto, na samaki mkubwa niliyemweka wa kuuza. Nikasifu mikono yake. Akanikazia macho: "Weye uko mugonjwa?" Nikacheka. Yeye pia — ni zamani hatujacheka. Ziwa sikulitaja.

Jumatatu, 13 Juni
Sirène ya kiwanda imelia, saa ya kuingia kazini. Casimir angali uani, kofia ya kazi magotini, kiatu kimoja mguuni. Anageuzageuza samaki walioharibika.
"Kule banakausha juu ya nini?"
Juu ya majani, nasema.
"Majani! Bajinga. Inaomba wavu ya chuma, hewa ipite chini."
Niko na hesabu nzima mdomoni. Siisemi. Naandika tu, mkono upate kazi. Nasikia anahangaika na kamba za kiatu — anavaa cha pili, au anavua cha kwanza? Siinui kichwa.