Picha ya Bi Siwema

Jumatano, 9 Julai 2025

…na shati lake bado linaning'inia mlangoni. Sitalifua, lina harufu yake. Ndoa changa hivi, na Wilfred wangu yuko Kisarawe — mwinjilisti wa mtaa mpya wa kanisa, chumba chake hakijapauliwa, mke abaki Mkuza kwanza. Haya, nimebaki. Napika wali wa watu wawili, nakula peke yangu.

Asubuhi nilikuwa kwa Bi Siwema. Wanawake wa kanisa tunapokezana kwa wagonjwa wa mtaani, ila huyu nimemng'ang'ania mimi. Amepooza upande wa kushoto. Namwogesha, namsuka, namnywesha uji. Leo kaniuliza, mumeo anakoroma? Nikasema kidogo. Akasema, basi ndiyo maana hulali, bi harusi, umekosa kelele. Nilicheka mpaka uji ukamwagika. Siku hizi nachekea kwake tu.

Jumamosi, 12 Julai 2025

Tumekwenda wote kwa Bi Siwema na sare zetu za kitenge. Wimbo, sala fupi. Bi Siwema ni Mwislamu, lakini aliinua mkono wake mzima akaitikia amina. Kisha picha, kama kawaida yetu: mgonjwa katikati, sukari na sabuni mapajani. Mimi nilichuchumaa pembeni yake. Nimependeza kweli! Nimeiweka status ili Wilfred anione.

Mpaka jioni hajaifungua.

Jumapili, 13 Julai 2025

Ameiona! Kaweka moyo mwekundu. Nimeutazama ibada nzima.

Jumanne, 15 Julai 2025

Nilimkuta Hemedi mlangoni kwa Bi Siwema. Ndiye mwanawe, anauza nazi sokoni Kisarawe. Simu mkononi, picha yangu ndani yake. Imetoka kwangu, ikapita kwa watu, ikafika mezani kwake.

Kaniuliza, dada, mama yako wewe amewahi kupigwa picha na sabuni? Akasema anatuma matumizi kila mwezi, sasa soko zima linamwita yeye Mche wa Sabuni. Bi Siwema akamfokea kutoka ndani: mwache, huyo ndiye anayeniogesha. Hemedi akasema, ndiyo hapo panaponiuma, mama. Ndiyo hapo.

Kambeba mgongoni mpaka kwenye gari. Nilitaka kumwambia asimpe uji akiwa amelala, unampalia. Gari likaondoka.

Ijumaa, 18 Julai 2025

Nimepita kwake. Kufuli.

Marselina, mwenyekiti wetu, anasema niache, mama yuko kwa mwanawe, na kuna mgonjwa mwingine Kwa Mathias. Nitakwenda. Lakini je, kama anapaliwa sasa hivi?

Picha nimeifuta. Wilfred alipopiga nikalia. Nikamwambia niliiweka ili unione wewe. Akasema kesho atakwenda sokoni kwenye nazi za Hemedi.

Nimelala na shati.

Jumanne, 22 Julai 2025

Jumamosi Hemedi hakuwepo mezani, jana pia. Leo Wilfred kampata. Kanunua nazi kwanza, ndipo akajitambulisha. Mume wangu ana akili! Hemedi akamwambia mama anakohoa kila akilishwa, mkewe anaogopa, sasa wanamlowanishia midomo tu.

Midomo tu. Wiki nzima.

Nikamtumia Wilfred ujumbe wa sauti: mwinueni akae, kidevu kiiname kidogo, kijiko kidogo, upande wa kulia, msubirini ameze. Na mpelekeni hospitali wamwone. Hemedi kausikiliza, akaomba urudiwe, akarudi kwenye nazi zake. Hakusema asante. Hakusema nisiingilie.

Magharibi ikaingia namba ngeni. Hemedi. Hakusalimia. Amekunywa nusu kikombe, kasema, nusu nyingine imetoka na kikohozi. Hospitali ni kesho. Nyuma yake nikasikia ile sauti, imekuwa nyembamba: muulize bi harusi, kelele zake amezipata?

Nikasema bado, Bi Siwema. Nikamwambia Hemedi nataka kuja kumwonyesha mkewe. Sare sitavaa. Simu nitaiacha nyumbani. Hakukata. Nikamsikia mama akikohoa, akikohoa, na mwanamke akisema mwinue, mwinue.

Nikasema kwa nguvu ili na Bi Siwema asikie: nakuja kabla mwezi haujaisha, nafikia kwako kwanza, kwa mume wangu baadaye.