Midomo ya Susu

Jumatatu, 3 Februari
Nimeamka, nimebandua ngozi ya midomo, nimepaka mafuta ya mgando. Kila asubuhi hivyo hivyo tangu nistaafu ualimu mwaka jana. Mdomo wa chini umepasuka tena, chai imeuchoma. Nimesuka mistari minne ya kiondo cha mjukuu. Uzi wa zambarau, ule wa dukani unaong'aa. Uso huu umenichosha.

Jumapili, 9 Februari
Kanisani mama mmoja ameniuliza kwa upole kama "nimepimwa." Nimepimwa, mara mbili. Sina kitu. Daktari wa kwanza alisema ni vitamini, wa pili akasema niache kulamba midomo. Dawa ya meno nimebadilisha mara tatu. Pilipili nimeacha, machungwa pia. Nimebaki na ugali na hasira.

Ijumaa, 14 Februari
Nimefika Makindu kwa mwanangu Mutua. Kiondo nimekiacha nyumbani Matinyani, wasikione kabla hakijaisha. Mtoto ana wiki tatu, anaitwa Syombua kama mimi. Mimi ndiye susu, nyanya yake, ni juu yangu kumtemea mate kidogo kifuani apate baraka, kama nilivyotemewa mimi. Nimemwinamia tu, Mueni, mke wa Mutua, akamvuta kwake.

"Mama, si tungoje upone kwanza?"

Hana makosa. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo. Nimelia bafuni.

Jumamosi, 22 Februari
Siku ya tisa hapa. Ngozi imelala! Umebaki mpasuko mmoja kwenye kona. Mueni ameutazama, akasema tungoje kidogo tu. Sasa najua: ni yale maji yetu ya chumvi ya kisima. Sisi Wakamba kila kitu tunalaumu maji, lakini safari hii ni kweli. Kesho narudi na mitungi miwili ya maji ya hapa. Mutua ananicheka. Acheke.

Jumanne, 4 Machi
Nakunywa maji ya Makindu, napikia ya Makindu, naosha meno kwa ya Makindu. Midomo imebanduka yote. Damu kwenye kikombe. Mtungi wa pili nimewapa mbuzi.

Nimesuka siku nzima. Naona nitakufa kabla sijambariki mtoto mwenye jina langu.

Alhamisi, 6 Machi
Mueni amepiga simu ya video ili nimwone mtoto akioga. Nimeegemeza simu kwenye chupa ya chai, nikaendelea kusuka. Ghafla akauliza, "Mama, ni nini hiyo iko kwa mdomo?"

Uzi. Huwa nalowesha ncha mdomoni ndiyo ipite vizuri, na mwingine naushika kwa midomo mikono ikiwa na kazi. Mama yangu alisuka hivyo maisha yake yote, nami nimemwiga tangu nistaafu, ila nyuzi zake hazikuwa na rangi ya dukani. Nimekata simu, nikaenda kwenye kioo. Zambarau ndani ya mipasuko.

Madaktari wawili waliniuliza nakula nini, nikajibu ugali na maharagwe. Uzi sikuutaja. Nani anakula uzi? Mjinga mimi, mwalimu mzima.

Jumapili, 16 Machi
Nalowesha uzi kwenye kopo la maji. Kazi imekuwa ya kinyonga. Mdomo unautafuta uzi wenyewe, kama mtoto anayeachishwa ziwa. Jana nimejikuta nao mara mbili. Nikatema, nikasukutua, nikajigombeza kwa sauti. Lakini asubuhi hii sikubandua kitu. Nimekunywa chai ya moto, yote.

Jumamosi, 5 Aprili
Wamekuja Matinyani. Niliwasubiri mlangoni tangu saa tatu, midomo mikavu bila mafuta, waione ilivyo. Mueni hakuiangalia hata. Alifungua leso, akanipa mtoto mwenyewe.

Nimemtemea kidogo tu, kifuani. Syombua alikunja uso, akapiga chafya, akalala.

Kiondo kimebaki mistari sita. Nitakimaliza kwa uzi mweupe.