Bendera Niliyoikata

Mjukuu wangu Neema,

Nakusalimia sana toka Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi. Tuko salama. Babu anakohoa kidogo tu, na dada yako Riziki alihamia mtaa wa Area 25, Lilongwe, na bwana yake.

Unaniuliza, kwa devoir yako ya masomo, kama ofisi ambayo umoja wa nchi nyingi unafungua ndani ya nchi moja inaamuru serikali ya pale. Mi nitakujibu kwa mashini yangu ya kushona.

Nikingali kijana, ofisi moja ya namna hiyo, kule Lilongwe, iliniagiza bendera mbili: ya Malawi na ya umoja. Nikawaza, umoja una nchi nyingi, basi bendera yake iwe kubwa zaidi. Nikaishona hivyo, nikaipeleka kwa kujidai.

Mkubwa wa ofisi, Mtanzania, aliitandika mezani, akacheka.

"Mama, kazi ni safi. Lakini sisi hapa ni wageni. Tunapeleka maneno ya umoja kwa mawaziri, tunarudisha yao. Mgeni hapandishi bendera kubwa kuliko ya mwenye nyumba."

Nilikata kitambaa kizuri, roho ikiniuma, nikashona pindo upya.

Siku ya sherehe ya kufungua ofisi, bendera zilipanda pamoja, hakuna iliyozidi ingine hata kidole. Waziri akauliza nani fundi. Nikanyoosha mkono nyuma ya bantu waliojaa pale. Akaniinamia kichwa, akanishukuru: "Zikomo, amayi."

Pale mi sikuwa na bendera yangu, Neema. Lakini zile mbili, mi njo mwenye nilizilinganisha. Andika na hiyo kwa devoir.

Koko wako,
Mama Furaha