Mtu Mwingine Amefika Ukurasa wa 58

Jumapili, Oktoba, mchana

Jua kali tangu asubuhi, vumbi, wingu hata moja hakuna. Kijiji chote cha Kasokola kinangoja mvua. Nimerudi kanisani, na hata kupitisha uzi kwenye sindano kumenishinda.

Naogopa.

Niandike kwa mpangilio. Wiki mbili zilizopita nilinunua kwenye simu kitabu kinachoeleza uvimbe wa matiti. Ninao, titi la kushoto, na sijamwambia mtu. Kitabu cha karatasi ningekificha wapi, wakati wateja wa cherehani wanaingia na kutoka humu ndani kutwa? Halafu muuzaji mjini angenitazama kifuani. Simu ilinifaa. Nililipia nikiwa nimekaa hapa hapa, nasoma kati ya nguo na nguo, mteja akibisha hodi nazima. Nilijua niko peke yangu na kitabu.

Huwa nasoma kwa alama, kama tulivyofundishwa shuleni. Mistari muhimu naipaka njano, pembeni naandika neno. Ukurasa wa 19 niliandika: "Neema asijue mpaka amalize mtihani."

Neema ni binti yangu. Yuko kidato cha nne, anakaa mjini kwa mdogo wangu Skola, karibu na shule.

Niliishia ukurasa wa 31. Sura inayofuata ni ya matibabu, na sikuwa na moyo wa kuifungua.

Leo nilipofungua, simu ikaniuliza: umefika ukurasa wa 58 kwenye kifaa kingine, uendelee kutoka hapo?

Nikakaa chini. Mwaka jana fundi simu alitufungulia akaunti moja, mimi na Neema, ili kitabu tukinunua mara moja kisomeke kwenye simu yangu na kwenye tableti yake. Nilimshukuru sana yule fundi. Sikumuuliza kama na maandishi yangu yatakwenda huko.

Yanakwenda.

Nikampigia Skola.

"Dada, huyo mwanao tangu jana kajifungia," akasema huku anacheka. "Ugali hataki, eti yuko na kitabu. Nyie subirini tu, huyu atatuletea udaktari hapa!"

Akampa simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nikasikia mlango unafungwa. Halafu akasema, "Mama, linauma?"

Nilikuwa na uongo wangu tayari. Haukutoka. Nikasema ukweli, haliumi.

"Hata lisilouma linatakiwa kupimwa. Mimi nimesoma, wewe umeishia njiani." Sauti yake haikuwa ya mtoto. "Usipopimwa kesho, mtihani siufanyi. Sitanii, mama."

Namjua, hatanii. Miaka minne ya kusoma, na mimi ndiye nitakayemharibia.

Kwa hiyo kesho saa mbili asubuhi tunakutana kwenye geti la hospitali. Anasema ataingia na mimi mpaka kwa daktari, na nimeshindwa kumkatalia.

Uvimbe naogopa. Majibu naogopa. Lakini tangu nikate simu kuna kingine ninachokiogopa zaidi. Daktari atauliza umeanza lini. Neema anadhani ni wiki mbili, kwa sababu ndipo kitabu kilipoingia kwenye tableti yake.

Umeanza mwezi wa tatu.

Atakuwa amekaa pembeni yangu, anasikiliza. Je, nitautaja mwezi huo?