Vidonge Ndani ya Kombe

Jumatatu, 3 Juni

Nimesaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, kama jana. Nimetia unga kwenye chupa ya kombe la Somoe, nikatikisa. Zafarani inaficha rangi, marashi yanaficha uchungu. Dada yangu amekunywa yote. Vidonge vya hospitali anavitema. Anasema ni sumu ya wale anaowasikia wakimsema ukutani. Aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa ziwe kombe la kunywa, hizo anaziamini.

Miaka ishirini naandika magazetini dhidi ya makombe na ngoma za majini. Sasa natia dawa humo humo. Sioni haya. Hasira ninayo.

Alhamisi, 6 Juni

Somoe amelala saa nane mfululizo. Mikono inamtetemeka kidogo. Mama anasema ni jini linaaga. Ni dawa, najua. Daktari alisema wiki mbili au tatu, na nisiruke hata siku moja.

Ijumaa, 21 Juni

Somoe amesukwa nywele. Amecheka! Ameniuliza mbona nimezeeka ghafla. Nimeingia chumbani nikalia, mtu mzima mimi.

Mama yuko barazani, anatangaza. Mikindani nzima imeshajua kombe aliloliandika Maalim Sefu limemponya Somoe. Mwenyewe amepita baada ya swala, akasimama watu wasikie.

"Unaona, bwana? Wewe una kalamu na mimi nina kalamu. Yangu inaponya."

"Haya, mwandishi," Mama akadakia, "na hili nalo kaliandike gazetini!"

Watu wamecheka. Nami nimecheka. Nimejidharau.

Jumamosi, 22 Juni

Siku ishirini na moja za kombe zimekwisha. Maalim amesema mgonjwa amepona. Hakuna chupa ya kesho, na bila chupa hakuna kidonge.

Nimekwenda kwake kuomba aongeze. Mimi! Niliyemwita mwuza maji machafu, kwa maandishi. Alinishika mkono kwa muda mrefu. Ameongeza ishirini na moja nyingine. Ana heshima kuliko nilivyodhani, na hilo limeniudhi zaidi.

Jumamosi, 6 Julai

Mahurunga, kwa Bi Hadija, binamu yake Mama. Binti yake Mwanaidi anaumwa kama Somoe. Alikuwa anameza vidonge vizuri tu, analima, anapika. Bi Hadija alisikia habari ya kwetu. Akavitupa vidonge chooni, akamchukulia kombe.

Nimemkuta Mwanaidi amefungwa mnyororo mguuni, kwenye mkorosho nyuma ya nyumba. Kifundo kimechubuka. Alikuwa anakula udongo.

Nikamwambia Bi Hadija amrudishe hospitali leo hii.

"Mbona Somoe wenu kapona kwa kombe? Au hamtaki sisi tupone?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikisema, Somoe atajua nilimlisha kwa hila, na hatakunywa tena chochote. Nimelimeza. Nimerudi nyumbani.

Niliwaita wenzangu waoga kwa makosa madogo kuliko hili.

Jumapili, 7 Julai

Nimerudi Mahurunga asubuhi. Nimemweleza Bi Hadija yote, nikamwonyesha vidonge. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akaanza kufunga na kufungua ncha ya kanga.

Kisha nyumbani, nimwambie Somoe kabla hajasikia kwa watu. Mama alikuwepo. Maalim nilimwita mwenyewe. Nikawaeleza wote.

Maalim kaniuliza jambo moja tu: "Ulitia kwenye maneno ya Mungu?"

Nikasema ndiyo. Akachukua kofia yake, akaondoka. Miaka yote nilikuwa nikimtafutia sentensi ya kumnyamazisha.

Somoe hakulia. Alinitazama kama anavyoutazama ukuta.

"Kaka," akasema, "kumbe na wewe ni mmoja wao."

Jumatano, 17 Julai

Mwanaidi ameanza tena vidonge. Mnyororo bado hawajafungua.

Mama haongei nami. Gazeti limenipigia simu, wanataka makala. Sina.

Sauti za Somoe zimerudi. Hali wala hanywi kitu kilichopita mkononi mwangu, wala mwa Mama. Ugali hapana, uji hapana. Anakula vyenye maganda tu: ndizi, na dafu likifunguliwa mbele yake. Amekonda.

Leo mchana nimechemsha mayai mawili. Nimeyaweka kwenye mkeka katikati yetu, nikakaa mbali, mikono nje aione. Ameyageuza muda mrefu kutafuta ufa. Halafu ameyamenya mwenyewe, akala moja.

La pili amelisukuma upande wangu, ananiangalia. Nimelila.